RTX 4060 imeshushwa bei: niichukue, au niende kwa 3060 iliyotumika?

Swali: "Assalam aleikum, fundi. Nahariri video za harusi hapa Kisauni, Mombasa. Mashine yangu ni Dell ya ofisi, ile ndefu ya kusimama, eks-UK (iliyotumika Uingereza kwanza), prosesa i7 ya kizazi cha 8, RAM GB 32, haina kadi ya grafiki. Kamera ni Sony A7 III. Duka moja mjini lina kadi ya RTX 4060 mpya ya GB 8, wameishusha kutoka shilingi 52,000 hadi 45,000. RTX 5060 kwao ni 54,000. Kuna jamaa wa mtaa wa Tudor anauza RTX 3060 ya GB 12 aliyoitumia mwenyewe, anataka 28,000. Usiku mdogo wangu huchezea gemu mashine hiyohiyo. Niiwahi 4060 kabla punguzo halijaisha, au ningoje zishuke zaidi?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa bei hiyo, iache 4060. Nenda Tudor ukaipime ile 3060 kwa namna nitakayokueleza hapa chini. Ikifaulu, ichukue, na sehemu ya pesa inayobaki uitie kwenye pawa saplai. Ikifeli, rudi dukani, lakini urudi kwa ajili ya 5060.

Nianze na punguzo lenyewe. Ile 52,000 ni bei ya wakati 5060 haijaingia mjini. 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299 za Marekani, na 5060 ikatoka Mei 2025 kwa dola 299 zilezile. Tangu siku hiyo bei ya zamani ya 4060 haina uzito wowote, hata kama duka bado limeiandika na kuikata kwa kalamu nyekundu. Kipimo chako ni pengo kati ya kadi hizi mbili leo, kwenye rafu moja. Kutoka 54,000 hadi 45,000 ni sehemu moja ya sita. Sasa tazama kasi: kwenye gemu za 1080p (skrini ya kawaida ya HD), 5060 huipita 4060 kwa takriban moja ya tano, yaani ukishika 4060 umekosa kama sehemu moja ya sita ya nguvu za mwenzake. Umepunguziwa bei kwa kiasi kilekile ulichopunguziwa kasi. Hapo hakuna punguzo, kuna bei ya haki ya kadi iliyopitwa. Wakiishusha hadi 37,000 hivi, njoo tuzungumze upya.

Lakini hesabu hiyo ni ya gemu, na gemu ni za mdogo wako. Mashine hii inalishwa na harusi, kwa hiyo tuitazame meza yako ya kazi.

Harusi moja ya Pwani unaijua: nikaha msikitini, kupamba, halafu ukumbini usiku, kamera mbili au tatu kwa wakati mmoja, zote 4K. Unazipanga safu tatu, juu yake rangi, juu yake majina ya maharusi, kisha unapunguza mwendo bibi harusi anapoingia. Kila safu unayoongeza inakaa kwenye kumbukumbu ya kadi. GB 8 zinatosha kuanza. Ukifika kwenye zile sekunde ambazo umezipamba zaidi, zinajaa, na anayetumia programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve anaujua ule ujumbe wa kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa, usiku wa manane, na mteja anataka flash kesho asubuhi.

Kumbukumbu ya kadi ikijaa, kadi huanza kuazima RAM ya mashine kupitia tundu iliyochomekwa. Hapa ndipo mashine yako inapoingia kwenye hesabu, na watu wengi hawaifikirii. Ubao mama wako wa kizazi cha 8 una PCIe ya kizazi cha 3, yaani njia ambazo data hupita kati ya kadi na ubao mama. 4060 imetengenezwa kutumia njia 8 tu za tundu, hata kama tundu ina 16. Kwenye PCIe 3 hiyo ni karibu GB 8 kwa sekunde. 3060 inatumia njia zote 16, karibu GB 16 kwa sekunde. Linganisha na kumbukumbu ya kadi yenyewe: 4060 inasoma yake kwa GB 272 kwa sekunde, 3060 kwa GB 360. Kwa hiyo 4060 kwenye Dell yako ndiyo itakayojaa mapema, na ikishajaa ndiyo yenye mlango mwembamba wa kukimbilia. Kwenye ubao mama mpya tatizo hili lingepungua. Wewe huna ubao mama mpya. 5060 nayo ina njia 8 na GB 8, ila kumbukumbu yake ni ya kasi zaidi, GB 448 kwa sekunde.

Ndiyo sababu GB 12 za 3060 nazithamini kuliko umri wake. Ilitoka Februari 2021, na kwa gemu inashindwa na 4060, kwa kiasi cha kuonekana kwenye vipimo kuliko machoni. Kwa safu tatu za 4K inakupa nafasi ya kupumua.

Jambo moja tu lingenifanya nibadili jibu, nalo ni kamera. A7 III inarekodi 4K ya biti 8, rangi 4:2:0 (rangi zilizopunguzwa ili faili liwe dogo), na aina hiyo kadi zote tatu zinaifungua bila shida. Siku ukihamia A7 IV na kurekodi 4:2:2 ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, hali inabadilika. Familia ya 3000 (ya 3060) na ya 4000 (ya 4060) ya NVIDIA haina kifaa ndani yake cha kufungua 4:2:2, wala grafiki ya ndani ya i7 yako haina. Mzigo wote huangukia prosesa, na video inakwama kila ukisogeza. Familia ya 5000 ndiyo ya kwanza ya NVIDIA kuifungua. Nimeona mpiga picha akinunua kadi ya bei kubwa kisha akalalamika kwamba video bado inakatakata, na tatizo lote lilikuwa mpangilio huo mmoja kwenye menyu ya kamera. Kama mpango wako wa mwaka huu ni kununua kamera ya aina hiyo, basi chukua 5060 moja kwa moja. Kama A7 III bado itakulisha miaka miwili mitatu, 3060.

Utasikia watu wakisema 4060 ina AV1, namna mpya ya kubana video, na kuzalisha fremu, yaani kadi kubuni picha za katikati ili gemu ionekane laini. Ni kweli. Kwa NVIDIA, kuandika video kwa AV1 kulianza na familia ya 4000, lakini wateja wako wanataka faili itakayofunguka kwenye TV ya sebuleni kutoka kwa flash, na vipande vya WhatsApp. Hiyo ni H.264, namna ya zamani zaidi ya kubana video. Kuzalisha fremu kunamfaa mdogo wako kwenye gemu nzito. Hata hivyo FSR 3, teknolojia ya kampuni ya AMD, inafanya kazi hiyo kwenye 3060 pia pale gemu inapoikubali, na DLSS ya NVIDIA ya kukuza picha, hata ile modeli mpya iliyokuja na DLSS 4, inafanya kazi kuanzia familia ya 2000.

Sasa pawa saplai, na hapa nataka usome polepole, maana ndipo mashine za eks-UK zinapoungua. Tundu la ubao mama linatoa wati 75 tu. 4060 inakula 115, 5060 inakula 145, 3060 inakula 170. Kadi yoyote utakayochagua kati ya hizo tatu inahitaji waya wake kutoka pawa saplai, na pawa saplai ya Dell ya ofisi kwa kawaida haina waya huo. Wala usikubali mtu akufungie adapta inayochota kwenye nyaya za diski. NVIDIA wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa zote tatu.

Lakini wati 550 za kweli. Mwaka jana kijana aliniletea mashine inayozima kila gemu ikianza. Pawa saplai imeandikwa 600W kwa herufi kubwa za dhahabu. Nilipoishika tu nilijua, ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Nikageuza kibandiko cha ubavuni, nikasoma mstari wa +12V: ampea 18. Zidisha 12 kwa 18 unapata wati 216. Ndizo wati zinazoifikia kadi na prosesa kwa pamoja. Zilizobaki ni wino. Ukienda kununua, uliza uone kibandiko, utafute mstari huo wa +12V, uzidishe mwenyewe palepale dukani. Wati 550 za haki zitakuonyesha ampea 40 na zaidi.

Na Dell ina tabia zake. Plagi yake ya kwenda kwenye ubao mama si ile ya pini 24, kwa hiyo utahitaji adapta, na hakikisha ni ya modeli yako hasa. Kasha pia: kuna makasha ya ofisi ambayo pawa saplai ya kawaida ya ATX haiingii, na nimewahi kuona watu wanaishia kukata bati. Fungua kasha leo usiku, chukua rula, pima nafasi ya pawa saplai, halafu pima kutoka bati la nyuma pale kadi inapofungwa mpaka kizuizi cha diski. Andika namba hizo kwenye simu uende nazo Tudor. Kadi yenye feni tatu huenda isiingie. Ya feni mbili fupi nyingi huingia. Mimi ningetenga 8,000 hivi kwa pawa saplai na adapta. Hivyo 3060 inakuwa 36,000, 4060 inakuwa 53,000, 5060 inakuwa 62,000. Hizo ndizo bei zako halisi.

Ukipima ukakuta pawa saplai haibadilishiki kabisa, iko RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70, haihitaji waya wowote. Ni ndogo kwa kazi yako, lakini itakutoa hapo ulipo.

Tokeni za stima usizihofie. Tofauti kati ya 3060 na 4060 ni wati 55. Ukiibana kadi saa tano kila siku, ni robo uniti na kidogo. Ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, ni kama 250 kwa mwezi. Tofauti ya bei ni 17,000. Utahariri zaidi ya miaka mitano kabla stima haijala tofauti hiyo.

Joto ndilo la kuangalia. Vipimo unavyotazama kwenye video za Ulaya na Marekani vimefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 22 au 23. Chumba cha Kisauni mwezi wa tatu ni 32 au zaidi, na kadi nayo inapanda karibu nyuzi zilezile. Inayosoma 68 kwao itasoma 78 kwako. 3060 imepewa ukomo wa nyuzi 93, kwa hiyo upo salama, mradi kasha linapumua. Kasha la Dell ya ofisi lina tundu chache sana mbele. Ongeza feni moja ya nyuma, na usilisukume kasha ukutani wala chini ya pazia.

Kisha chumvi. Kadi iliyotumika Mombasa ina adui ambaye ya Nairobi haimjui. Mwezi uliopita nilifungua moja iliyotoka Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa inayotazama bahari, madirisha wazi mwaka mzima. Juu ilikuwa safi, imepanguswa vizuri. Nilipomulika tochi kati ya mapezi ya alumini, nikaona unga mweupe umeshika pembeni kama chokaa, na vichwa vya skrubu vinne vinavyoshika chipu vilikuwa vya rangi ya kahawia. Moja ilikatika mkononi mwangu. Ndani kabisa, pembeni mwa chipu za kumbukumbu upande mmoja palikuwa na kijani. Kadi hiyo ilikuwa inawaka na kuonyesha picha. Nilimwambia mwenyewe asiiuze kwa mtu asiyejua.

Kwa hiyo, Tudor. Nenda mchana ukiwa na tochi, na mwombe jamaa kwa adabu uione kadi ikiwa nje ya mashine kwanza. Mulika bati la nyuma penye tundu za HDMI, skrubu, na mapezi. Kutu nyepesi kwenye bati si neno. Unga mweupe ndani ya mapezi au kijani popote, shukuru uondoke. Zungusha feni kwa kidole: ziende laini, zisimame polepole, zisiyumbe. Ukiona mafuta yamechuruzika kutoka pembeni mwa chipu, ni zile pedi za kupooza zimechoka. Zinabadilishika, lakini bei ishuke kwa ajili hiyo. Muulize pia kama ilichimba sarafu za kidijitali. Kadi nyingi za familia hii zilifanya kazi hiyo mpaka Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022. Sioni hilo kama dosari ya kuiua biashara. Chipu huvumilia, feni na pedi ndizo zinazozeeka.

Halafu iwekwe kwenye mashine yake, na uwe na flash yenye programu tatu: GPU-Z (ya kusoma taarifa za kadi), OCCT (ya kutafuta makosa) na FurMark (ya kuibana kadi mpaka ipate joto). GPU-Z kwanza, kwa sababu ya mtego mmoja mbaya. Oktoba 2022 NVIDIA walitoa 3060 nyingine ya GB 8, jina lilelile, sanduku linalofanana, lakini njia ya kumbukumbu imekatwa kutoka biti 192 hadi 128, na kasi inashuka sana. Zipo pia zilizofungwa chipu ya laptop, zenye GB 6. Unataka kuona 12288 MB, biti 192, na viini 3584. Namba mojawapo ikitofautiana, hiyo si kadi tuliyoizungumzia na 28,000 si bei yake.

OCCT ina kipimo cha kumbukumbu ya kadi. Kiache kimalize, na kosa hata moja linatosha kukataa. GB 12 ndizo unazonunua, kwa hiyo lazima zote 12 ziwe hai. Mwisho FurMark, dakika ishirini bila feni ya chumba kuelekezwa kwenye kasha. Angalia joto la chipu na lile la sehemu yenye joto zaidi, zote mbili GPU-Z inazionyesha. Zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 25, gundi ya kupooza imekauka. Hiyo naibadilisha kwa saa moja, haikutishi. Vidoti vya rangi kwenye skrini, mistari, au skrini kuzima na kurudi, hapo hapana la kutengeneza.

Kuhusu kungoja: kadi ya kizazi kilichopita haiendelei kushuka milele. Kiwanda kikiacha kuitengeneza, zilizobaki hupungua na wauzaji hawana haraka tena. Juu ya hilo, tangu mwisho wa 2025 bei ya chipu za kumbukumbu imepanda duniani, kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazigombania, na kila kadi inazihitaji. Ungekuwa hupati kazi ningekuambia tulia. Una harusi za kumaliza kabla ya Ramadhani, na kila usiku unaokaa ukingoja faili litoke ni pesa yako.

Wenye maduka watakutajia pia Intel Arc B580, ya GB 12, iliyotoka Desemba 2024. Ni kadi nzuri kwenye mashine mpya. Inategemea uwezo wa ubao mama unaoitwa Resizable BAR, ambao Dell za ofisi za kizazi chako kwa kawaida hazina, na bila huo inadhoofika sana. Iache. RX 6600 ya AMD nayo ni rafiki wa mdogo wako kuliko wako. Ina GB 8, na programu za kuhariri zinaelewana zaidi na NVIDIA.

Suala la umri wa draiva, programu inayoiendesha kadi, pia umelikaribia bila kulitaja. Familia ya GTX 1000 ilitoka 2016 na NVIDIA waliacha kuitolea draiva za gemu Oktoba 2025, zaidi ya miaka tisa. 3060 ya 2021 bado ina njia ndefu mbele yake.

Ukishapima na umeridhika, mwambie 26,000 uone atasemaje. Kadi za dukani zina waranti na yake haina, na hilo ana haki ya kulisikia. Andikianeni kwenye karatasi namba ya mfululizo (serial) iliyo kwenye kibandiko cha kadi na siku tatu za kurudisha ikizima, kila mmoja atie sahihi. Akikataa siku tatu baada ya kukuruhusu kuipima yote hayo, nipigie kabla hujatuma pesa.